Kilo Kumi na Moja za Gracia

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimechoka. Lakini nina mpango!

Leo asubuhi yaya Madina, dada mkubwa wa sisi sote, amepita uani kwetu. Yaya Madina ndiye relais wa afya wa avenue yetu: anakwenda nyumba kwa nyumba, anaangalia watoto, anaandika katika kitabu kikubwa, anatugombeza kwa Kiswahili kirefu cha kwao Maniema. Amesema mradi wa chakula cha watoto umefika mpaka huku kwetu, njia ya Kapalata. Keshokutwa timu itapita na kilo ya kutundika, ya kupima uzito, na utepe wa rangi tatu wa kupima mkono wa mtoto. Kijani, mtoto ni mzima. Manjano, angalia. Nyekundu, kimbia kituo cha afya.

Halafu akatoa neno lenyewe. Katika kila avenue watachagua mama mmoja. Asiwe tajiri. Awe mama anayekula kama sisi wote, fufu na pondu ya majani ya muhogo, lakini mtoto wake amenona. Huyo ataitwa mama lumière, mama wa mwangaza. Atapewa kitenge chenye picha ya sufuria. Na kwa siku kumi na mbili wamama wote wenye watoto wembamba watakuja kupika uani kwake, wajifunze namna yake.

Uani kwake! Kila siku! Na watoto wao!

Mama Georgette wa nyumba ya pili alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni. Akasema basi kazi imekwisha, wasitafute mbali. Huyu mama ni présidente wa kwaya. Ni présidente wa bomba la maji. Sasa anataka na urais wa uji.

Niandike kweli, kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Chance. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili. Sasa imepita miaka miwili mingine. Tangu siku ile hakuna mama wa zamani wa avenue hii aliyeniachia mtoto, hata dakika moja ya kuchota maji. Hawasemi kitu. Wanamchukua mtoto wao mikononi mwangu, wanasema ana usingizi. Na kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Basi wananiita "Mama Cha…", wanakatia pale, wanakohoa. "Mama Bonheur." Nimekuwa mama wa kikohozi.

Bonheur ndiye wa pili. Msichana. Miezi kumi na minne. Hilaire, baba yake, alishuka mto mpaka Isangi kutafuta samaki wa kuuza. Alisema wiki mbili. Huu ni mwezi wa nne wa wiki mbili hizo.

Donc, mpango: niwe mama lumière. Waje. Wakae. Walaze watoto wao kwenye mkeka wangu.

Kasoro moja tu. Nimempima Bonheur kwa utepe mzee ambao yaya Madina aliusahau hapa mwaka jana. Manjano. Bon. Ndizi ikiiva ni manjano pia. Si rangi mbaya.

Jumanne, tarehe 4

Nina siku moja ya kunenepesha mtoto. Hata bata hanenepi kwa siku moja. Nimejaribu hata hivyo.

Alfajiri, uji wa soya. Saa tatu, lituma, ndizi zilizotwangwa na mawese. Saa tano, mbinzo, vile viwavi vikavu, nimevisaga unga. Saa sita Bonheur ametoa vyote juu ya sketi yangu ya kanisani. Kwa mpangilio kabisa: mbinzo, halafu lituma, halafu uji.

Saa nane nimempima tena. Manjano. Manjano ileile. Ameweka kichwa begani kwangu, ameshika sikio langu vile anavyoshikaga akichoka. Mwepesi. Nilitaka kuandika mwepesi kama nini, nimeacha.

Niliketi kizingitini, nimeshindwa. Ndipo Marthe akapita.

Marthe ni jirani yangu wa ukuta. Mtu wa mto, alihamia hapa kutoka Yanonge mwaka jana. Ana binti anaitwa Gracia. Miezi kumi na mitano. Mashavu mpaka mabegani, mikono ina mikunjo kama mtu amefunga nyuzi. Na Marthe ndiye mama pekee anayeniachia mtoto. Kila asubuhi akienda kuchukua samaki bandarini, Makiso, Gracia anabaki mgongoni kwangu. Nafikiri hajui habari ya Chance. Mimi sijamwambia. Kuna kitu kimoja tu kizuri katika asubuhi zangu, nikiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe?

Marthe ameuliza kama kesho nitamshika Gracia kama kawaida.

Kesho! Siku ya timu!

Nimesema likambo te, hakuna shida, mlete tu. Nimeona mpango wote umesimama mbele yangu, mweupe kama ukuta mpya.

Jumatano, tarehe 5

Vile kazi yao inavyofanyika: relais hapimi avenue yake mwenyewe, asije akapendelea jamaa. Wa kwetu wanapelekwa Kabondo, wa Kabondo wanakuja kwetu. Sheria nzuri sana! Imewekwa ili watu wasidanganye. Na kwa sheria hiyo, aliyekuja leo na kilo hajui mtoto gani ni wa nani.

Saa mbili Marthe ameniachia Gracia, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ikalia chini yake, akaenda. Saa tatu dada wa Kabondo ameingia uani. Kijana, viatu safi, kalamu tatu mfukoni. Ametundika kilo kwenye boriti yangu. Bonheur alikuwa amelala ndani, nyuma ya pazia.

Gracia akatiwa katika kaptula ya kitambaa inayoning'inia kwenye kilo. Mshale ukazunguka mpaka nikaogopa boriti. Kilo kumi na moja! Utepe, kijani. Dada ameuliza jina la mtoto. Nimesema Bonheur. Ulimi wangu haukukwama hata kidogo.

Pazia likakohoa.

Dada ameuliza nani huyo. Nimesema kuku. Ameuliza kama kuku anakohoa. Nimesema huku kwetu ni karibu na kambi ya wanajeshi, magari yanapita, vumbi ni nyingi, hata kuku hawana amani. Ametikisa kichwa kwa huruma. Nafikiri ameandika.

Akamtia Gracia matone ya vitamini mdomoni. Akampaka wino mweusi kwenye kidole kidogo cha mkono. Akaandika na chaki kwenye mlango wangu. Halafu, kabla ya kutoka, amenishika bega akasema:

"Mama, mutoto unamulishaka muzuri. Inaonekana."

Imebidi nigeuke niangalie ukuta. Miaka miwili hakuna mtu aliyeniambia vile.

Na alikuwa anamwambia Marthe.

Alhamisi, tarehe 6

Wino! Sikufikiri habari ya wino!

Jana mchana timu ilipofika kwa Marthe, waliona kidole cha Gracia ni cheusi. Wakasema huyu amekwisha kupita, wakaandika chaki mlangoni, wakaenda zao. Leo Marthe ameniuliza alipita wapi. Nimesema kwangu, walimkuta mgongoni kwangu. Hiyo ilikuwa kweli. Nimefurahi kupata kweli moja ya kumpa.

Tena Bonheur kidole chake ni kisafi. Mtoto wa kilo kumi na moja, kijani, hana alama! Nimempaka kalamu ya bic nyeusi. Amelamba. Nimempaka tena. Amelamba tena. Kufika saa nne alikuwa na alama kidoleni, mdomoni, kwenye shavu, na kwenye titi langu la kushoto.

Mama Georgette amekuja kuomba chumvi. Ana mifuko miwili ya chumvi, nimeiona kwa macho yangu. Hakuangalia chumvi. Ameangalia kidole cha Bonheur.

"Ee, Mama Cha… hm, hm, Mama Bonheur. Wino ya kwenu inapandaka mpaka mu kinywa?"

Nimesema mtoto wangu anapenda serikali, amelamba alama yake.

Ameondoka bila chumvi.

Jumamosi, tarehe 8

Mimi! Mimi ndiye!

Tulikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Yaya Madina alisoma majina kitabuni. Trésor, mtoto wa Mama Georgette: kilo kumi na gramu mia nane. Bonheur, mtoto wa Falonne: kilo kumi na moja. Nimemshinda présidente kwa gramu mia mbili!

Yaya Madina alisimama kidogo kwenye jina langu. Aliniangalia juu ya miwani. Akaangalia kitabu. Akasema ana miezi mitatu hajamshika Bonheur mikononi, kazi zimemzidi, na Mungu ni mkubwa. Ameuliza mtoto yuko wapi wamwone. Nimesema yuko kwa bibi yake, ng'ambo ya mto, Lubunga. Kumbe alikuwa mgongoni kwangu, nimemfunika kitenge juu ya kichwa, na wote walidhani ni Gracia wa Marthe; Marthe mwenyewe alikuwa ameenda sokoni na mtoto wake.

Mama Georgette akasimama.

"Kilo kumi na moja? Mutoto ule? Alors mimi niko na kilo mia tatu!"

Watu wakacheka sana. Nikamjibu kwamba upande huo kitabu kisingebisha. Wakacheka zaidi, na mara hii walicheka pamoja na mimi. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko cha namna hiyo.

Wamenipa kitenge. Kinanuka harufu ya dukani. Nimekivaa palepale juu ya kile kingine. Jumatatu watakuja wamama wanane.

Bonheur amekohoa njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, tarehe 10

Wamekuja. Wote wanane.

Kila mmoja ameleta kitu, ndivyo sheria inavyosema: karanga, mawese, soya, samaki wa moshi, mwingine kuni tu. Mama Georgette pia amekuja, ingawa Trésor wake ni kijani. Anasema anasaidia. Anachungulia!

Nimefundisha. Mikono ioshwe. Karanga zitwangwe mpaka zitoe mafuta. Mtoto alishwe polepole, huku unazungumza naye, usimkazie kijiko kama unaziba tundu. Wamama wameniangalia kana kwamba nimesoma shule ya Ulaya. Lakini mambo haya ninayajua tangu zamani. Niliyajua yote hata wakati wa Chance. Uji haukuzuia surua.

Saa tano walikuwa watoto tisa kwenye mkeka wangu. Nimewahesabu mara mbili, kwa raha tu. Halafu Nicole, mama wa mapacha, mikono ikamjaa, akageuka akasema: "Mama Chance, nishikie huyu."

Bila kukohoa. Hakusikia alichosema. Mimi nilisikia.

Nimemshika. Mvuke wa uji, moshi wa kuni mbichi, wamama wote tulikuwa na machozi, na hakuna aliyejua yapi yalikuwa ya moshi.

Bonheur alikuwa ndani. Pazia limefungwa, mlango umefungwa. Yuko kwa bibi yake Lubunga, nimesema. Watoto tisa wanakula uji wangu uani, wa kumi yuko nyuma ya pazia. Nimempelekea bakuli chini ya kitenge. Amegeuza uso kwa ukuta.

Jumatano, tarehe 12

Bonheur anahara tangu jana. Hataki uji. Hataki hata titi, analishika tu mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Nywele zake zimekuwa laini na nyekundu kidogo. Nikipitisha mkono zinabaki mkononi.

Leo somo lilikuwa juu ya mtoto anayekataa chakula. Nimewaambia wamama: siku ileile, centre, kituo cha afya. Nicole ameuliza je, kama mama ana kazi nyumbani? Nimejibu kwa ukali: hata kama ana harusi yake mwenyewe! Aache bwana harusi mlangoni!

Wamecheka sana. Mama Georgette amecheka mpaka akajifuta macho. Amesema kweli huyu anafaa kufundisha.

Nimeingia ndani.

Miguu yake tu ndiyo inanipa moyo. Naona imenenepa. Mungu anisaidie, chakula kimeanza kukaa mwilini, kimeanzia chini. Siku mbili tatu kitapanda.

Ijumaa, tarehe 14, hospitalini

Jana sikuandika. Naandika leo, yote, kwa mpangilio.

Jana asubuhi yaya Madina alikuja mwenyewe kutufundisha habari ya miguu. Alisema kuna njaa inayokausha mtoto na kuna njaa inayomjaza maji. Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu mama anafurahi, anasema mtoto amenenepa. Basi: bonyeza mguu kwa kidole gumba, hesabu tatu, achia. Nyama ikirudi, sawa. Shimo likibaki, usingoje hata kufunga mlango.

Wamama wote wakabonyeza watoto wao. Nyama zikarudi. Watoto wakacheka, walidhani ni mchezo.

Nimeingia ndani na kidole changu.

Moja. Mbili. Tatu.

Shimo limebaki. Nimengoja lijae. Nje wameanza kuimba, Mama Georgette anapandisha sauti ya kwanza. Nimebonyeza mguu wa pili. Shimo.

Nilipaswa kutoka palepale. Sikutoka. Nilingoja wamama wamalize kuosha sufuria na kwenda. Saa nzima. Nimeiandika hapa isipotee: saa nzima, nimekaa kitandani nimeshika miguu ya mtoto, ili wamama wasimwone.

Halafu nimekimbia.

Pale centre nimemkuta papa Alphonse, muuguzi wa siku zote. Alishika mguu kabla sijaketi. Akamtundika Bonheur kwenye kilo. Sita na gramu mia nane. Akavuta kitabu, akaniuliza jina la mtoto.

Nilijua kilichoandikwa mle. Bonheur, kilo kumi na moja, kijani, siku nane zilizopita. Nikisema Bonheur, kitenge kinakwenda. Moto unakwenda. Mkeka unabaki mtupu. Nikafungua mdomo. Nikasema anaitwa Chance.

Papa Alphonse akaweka kalamu mezani. Hakupandisha sauti.

"Mama. Chance, karatasi yake ya mwisho, njo mimi niliandika." Halafu akauliza: "Huyu ni nani?"

Nikasema ni Bonheur, papa. Nikasema yote. Gracia, pazia, wino, kuku. Hakucheka hata kwenye kuku. Aliandika karatasi kwa herufi kubwa, akasema kunigombeza kutafuata, leo hakuna nafasi, hospitali, sasa hivi. Alitoka mwenyewe barabarani kusimamisha toleka. Kijana wa baiskeli alikanyaga mpaka hapa bila kuniuliza hata neno moja. Nilikuwa nimefungwa kile kitenge. Picha ya sufuria ilikuwa juu ya kichwa cha Bonheur.

Wanampa maziwa maalumu kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana kutwa na usiku kucha. Daktari amesema leo na kesho ndizo siku za kuangalia. Hakusema kuangalia nini. Sikuuliza. Ninajua kile chumba cha mwisho cha ukumbi huu. Nilishakipita na Chance.

Jumapili, tarehe 16, hospitalini

Yu hai. Jana jioni amekunywa kikombe chote. Leo asubuhi ameshika sikio langu.

Mama Georgette amekuja baada ya misa, na sufuria kichwani, na kitenge changu kiunoni! Nilimpa kijana wa toleka akirudishe kwa papa Alphonse, kumbe hakijalala hata siku moja. Moto umehamia uani kwake. Avenue nzima inajua. Ameketi kwenye kitanda changu, kitanda kikalia.

"Falonne. Mimi présidente ya kwaya, nimeimba na watu ya kila sauti. Sijasikia hata siku moja kuku inakohoa!"

Akacheka mpaka muuguzi wa zamu akaja kumnyamazisha. Akasema kinachomkasirisha si uongo, ni kwamba alilala usiku kucha akijiuliza gramu mia mbili zimetoka wapi, amempa Trésor mayai yote ya nyumba bure.

Alishika mguu wa Bonheur, akaubonyeza kwa kidole chake kinene, akahesabu. Shimo lilikuwa dogo. Akasema, sasa polepole, kwamba hawakuwahi kuogopa mikono yangu. Hakuna hata mmoja. Siku ya Chance yeye ndiye aliyemwosha, je, nimesahau? Walichokuwa wanashindwa ni macho yangu. Vile nilivyokuwa nawaangalia watoto wao. Walikuwa wanaona aibu kwamba wa kwao wanapumua.

"Tulikuwa tunakimbia juu ya aibu, leki, mdogo wangu. Ungetuita tu. Tungekuja hata bila uji."

Ameacha sufuria, akaenda.

Nimefikiri maneno yake mchana wote. Miaka miwili wamenihurumia, na mimi nilidhani wananikimbia. Nimeyageuza hivi, nimeyageuza vile. Mwisho nimeona jambo moja kwa hakika: kile kitenge yeye hakimpendezi. Sufuria imemkaa pabaya.

Jumamosi, tarehe 22

Tumerudi nyumbani. Miguu imekauka kabisa, sasa inaonekana ilivyo, myembamba kama vijiti vya mishikaki. Yaya Madina alikuwa anatungoja mlangoni. Amenigombeza nusu saa kwa Kiswahili chote cha Maniema. Halafu amefuta ile chaki mlangoni kwa mkono wake, akamchukua Bonheur, akamlisha mwenyewe pakiti ya siagi ya karanga tuliyopewa hospitalini, mpaka mwisho.

Marthe sikumwona mpaka jioni. Alikuwa anatoka bandarini. Gracia alikuwa mgongoni kwake, samaki kichwani. Siku hizi anakwenda naye na kurudi naye.

Nimeanza kusema. Amenikatiza, bila kelele, hana kelele yule. Amesema habari ya Chance aliijua tangu wiki yake ya kwanza hapa, walimwambia pale bombani.

"Nilijua. Njo maana nilikuwa ninakuachia mutoto. Nilisema huyu mama anahitaji kubeba."

Amesema uongo angeumeza, watu wanasema uongo. Kilichomkwama ni kitabu. Siku ile Gracia alikuwa na kilo kumi na moja, ndiye mtoto mzito kuliko wote wa avenue, na hayumo. Yeye Marthe alimlisha, na hayumo. "Ulimutoa mutoto yangu mu kitabu, ukamupa jina ingine."

Akavuta kitenge kikaze mgongoni, akaingia kwake.

Kila asubuhi namsikia anavyotoka. Toleka inalia, Gracia anaimba wimbo wake usio na maneno. Mgongo wangu una baridi mpaka saa nne.

Alhamisi, tarehe 4 mwezi wa saba

Bonheur anakula! Pakiti anaziona kwa mbali anapiga makofi. Nywele zinarudi, nyeusi, ngumu. Akishika sikio langu linauma, na mimi namwacha alivute.

Hilaire ametuma samaki watatu wa moshi na salamu kwa mtu wa mtumbwi. Anasema wiki mbili.

Siku za uji zilichelewa kwisha kwa sababu ya kuhama moto, na katika zile za mwisho nilikwenda uani kwa Mama Georgette, nikakaa nyuma, nikaosha sufuria. Hawakunifukuza. Jana bombani Nicole ameniita: "Mama Cha…" Akakohoa. Basi. Kikohozi kimerudi.

Lakini leo papa Alphonse amenipa habari. Kesho Ijumaa ni siku ya kupima, wamama wote watakuwapo. Kila mwezi anamsimamisha mtoto mmoja aliyepona, mbele ya watu wote, na mama yake anasema maneno mawili, na wanapiga makofi. Bonheur akifika kilo nane kesho, ndiye yeye. Asipofika, ni mwezi ujao, mtoto mwingine.

Na Marthe atakuwapo. Amepewa siku ya kesho kumleta Gracia aandikwe kitabuni. Atasimama pale. Atasikia maneno yangu mawili. Nimekwisha kuyachagua. Ni "samahani" na "Gracia".

Leo Bonheur ana kilo saba na gramu mia nane.

Gramu mia mbili! Tena zilezile!

Papa Alphonse ameinama mpaka miwani yake ikakaribia uso wangu. Amesema kilo haidanganyi, mama, kilo ni kitu ya kuheshimu. Nimesema ndiyo, papa. Ameuliza kama nimejifunza. Nimesema nimejifunza, papa, sana. Na nilisema kwa moyo wote. Mtoto wa mtu sitaazima tena mpaka nife.

Ila mtoto anapimwa bila nguo. Hakuna aliyesema bila nywele.

Na nywele sasa zinasukika. Nimezigawa mistari kumi na mbili, amelala mapajani kwangu hata hajui. Marthe ana shanga za kioo alizoachiwa na bibi yake, za zamani, za Yanonge. Nilizishika siku moja, kiganja kikashuka kwa uzito. Kesho alfajiri, kabla hajaenda bandarini, nitabisha mlango wake. Sitaomba kitu kikubwa. Shanga tu. Akiuliza za nini, nitasema mtoto apendeze. Akikaa kimya, nitasimama pale mpaka Gracia aanze wimbo wake.

Atafungua. Na nani atahesabu shanga?